Spika Kuukuu Isiyolia: Kasoro Hutafutwa kwa Utaratibu

Mtu anunuapo spika kuukuu mnadani au kwa muuza vitu vilivyokwisha tumika, huenda akaifunga nyumbani kwake isitoe sauti yo yote. Wengi hapo hukata tamaa wakaitupa, au hutoa fedha nyingi kwa sehemu mpya zisizohitajiwa. Lakini spika iliyo bubu si lazima iwe imekufa. Mara nyingi kasoro yake ni ndogo, nayo huonekana kwa yule aitafutaye kwa utaratibu, akianzia nje na kuingia ndani hatua kwa hatua.

Mfano mzuri ni spika iitwayo AR-3a, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967 na kampuni ya Acoustic Research ya Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1954 na Edgar Villchur pamoja na Henry Kloss. Ndani ya sanduku moja zimo spika tatu: kubwa ya inchi 12 kwa sauti nzito, ya pili kwa sauti za kati, na ndogo kabisa kwa sauti nyembamba.

Jambo la kwanza ni nyaya. Yafaa amplifaya izimwe kabla ya kugusa waya wo wote, kwa maana nyaya mbili zikigusana huku mashine inafanya kazi, mashine yenyewe huweza kuungua. Kisha waya uliokuwa ukiiliza spika nzima ufungwe katika ile iliyo bubu. Ikilia, spika haina kosa. Kasoro imo katika waya wa kwanza au katika amplifaya. Ikinyamaza, kasoro imo ndani ya spika.

Jambo la pili ni sehemu ya nyuma. AR-3a ina skrubu tatu zenye alama 1, 2 na T. Nyaya za amplifaya hufungwa katika 1 na 2, na kipande kidogo cha chuma huunganisha 2 na T. Kipande hicho kikipotea, spika kubwa hulia peke yake na zile mbili hunyamaza. Mnunuzi asiyejua hudhani zimeungua, kumbe kipande cha waya wa shaba chatosha kuziponya.

Jambo la tatu ni vifungo viwili vya kuzungusha vilivyo hapo hapo nyuma. Kimoja hupunguza au kuongeza sauti za kati, na cha pili sauti nyembamba. Kwa miaka mingi vifungo hivi hushika kutu ndani, umeme usipite. Vizungushwe polepole kwenda na kurudi mara nyingi, huku muziki ukilia kwa sauti ya chini. Sauti ikikwaruza, au ikija na kutoweka, ugonjwa umekwisha julikana: vifungo visafishwe, au vibadilishwe ikiwa kutu imevila.

Jambo la nne ni spika kubwa yenyewe. Nyaya za amplifaya zikiisha kufunguliwa, betri ya tochi ya volti 1.5 iguswe kidogo tu katika skrubu 1 na 2. Karatasi ya spika ikiruka kwa mlio mfupi, koili ni nzima. Isipotikisika, huenda koili au kiungo cha waya kimekatika. Karatasi ikiwa nzima lakini ukingo wake wa sponji umeoza na kubomoka, fundi aweza kugundisha ukingo mpya.

Mwisho kabisa ndipo sanduku hufunguliwa. Humo mna kapasita, ambazo hupitisha umeme wa sauti nyembamba na kuzuia ule wa sauti nzito. Kapasita ikifa, spika ndogo hunyamaza ingawa haina kosa. Afunguaye afunike mikono na pua, kwa sababu sanduku limejazwa nyuzi ziwashazo. Wala asibonyeze kwa kidole spika ya kati wala ile ndogo.

Spika za asili za AR-3a hazitengenezwi tena. Atupaye iliyo nzima kwa sababu ya kutu kidogo hapotezi fedha zake tu, bali hupoteza kitu asichoweza kukinunua kipya dukani. Kwa hiyo ni vema kuchunguza kwanza yale yasiyo na gharama, na kumwita fundi baadaye.