Moyo, Presha na Dawa Zake: Kijitabu kwa Kaya za Mpanda na Katavi

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, hubadilisha valvu za moyo, huziba matundu kwenye mioyo ya watoto na kuzibua mishipa iliyoziba. Zamani wagonjwa wengi wa aina hiyo walipelekwa India. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na anayepooza usiku wa manane Mishamo au Karema hatafika huko kwa wakati. Ndiyo maana kijitabu hiki kinakaa zaidi kwenye kipimo cha presha cha zahanati na vidonge vya kila siku. Kwa mkazi wa Katavi, hivyo huokoa watu wengi kuliko kisu cha daktari bingwa.

Presha haiumi

Damu inapopita hugandamiza kuta za mishipa, na mgandamizo huo ndio presha. Kipimo hutoa namba mbili: ya juu ni pale moyo unapokaza, ya chini ni pale unapolegea. Chini ya 120/80 ni nzuri. Ikionekana 140/90 au zaidi katika siku tofauti, mtu ana presha ya kupanda.

Wengi hudhani presha hujitambulisha kwa kichwa kuuma au moyo kwenda mbio. Kwa kawaida haifanyi hivyo. Mtu anaweza kutembea na 170/100 miaka mingi, analima, anacheka, huku mishipa ya ubongo, figo na macho ikiharibika taratibu. Siku ya kwanza kuumwa huweza kuwa ndiyo siku ya kiharusi. Hakuna njia ya kuijua presha yako isipokuwa kupimwa.

Unapopimwa, keti kwanza dakika tano, egemea kiti, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Ukiwa umefika kwa baiskeli ukihema, mwambie mhudumu asubiri kidogo.

Dawa hazimalizwi kama za malaria

Hapa ndipo kaya nyingi hukosea. Dawa ya malaria humezwa siku chache ugonjwa ukaisha. Dawa ya presha huizuia presha, haiondoi chanzo chake, kwa hiyo ukiacha, presha hurudi. Mgonjwa hupimwa akakuta 125/80, anafurahi, anaweka vidonge kabatini. Namba ile nzuri ililetwa na vidonge vilevile alivyoviacha.

Kila dawa ina tabia yake. Amlodipini hulegeza mishipa, na kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu. Captopril na enalapril huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Hydrochlorothiazide hupunguza maji na chumvi mwilini, hivyo mtu hukojoa zaidi na ni vyema aimeze asubuhi. Dawa ikikusumbua, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie; nyingine zipo. Usiazime vidonge vya jirani, hata kama presha zenu zinalingana. Na mjamzito asimeze captopril, enalapril wala losartan, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Yeye huandikiwa nyingine, kama methyldopa.

Mtu akipooza

Uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanakokota au hayaeleweki, tena ghafla: hicho ni kiharusi. Mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Katika vijiji vyetu bado husemwa kwamba mtu huyo ametupiwa kitu, na familia humzungusha kwa waganga siku mbili tatu. Siku hizo hazirudi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka.

Mlaze kwa ubavu, angalia saa, tafuta usafiri. Usimpe uji wala maji, maana huenda koo halimezi na akapaliwa. Usimpe aspirini, kwani ikiwa mshipa umepasuka itazidisha kuvuja damu. Wala usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi ili ishuke haraka.

Maumivu mazito ya kifua yanayobana, yakienda begani, mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba, nayo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Si vidonda vya tumbo mpaka daktari aseme.

Mtoto anayeumwa koo, mama aliyejifungua

Mafindofindo yanayoletwa na bakteria, yasipotibiwa, huweza kufuatiwa na homa na maumivu ya viungo, kisha kuharibika kwa valvu za moyo. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio huathirika zaidi. Koo hilo hutibiwa kwa penisilini ya bei ndogo. Mtoto ambaye moyo wake umeshaguswa huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na mzazi asiikatishe kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Mama aliye mwezi wa mwisho wa ujauzito, au aliyejifungua ndani ya miezi mitano, akivimba miguu, akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Huenda moyo umedhoofika.

Chumvi na tumbaku

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ukijumlisha iliyomo kwenye vyakula vyote. Samaki waliokaushwa kwa chumvi waroweke na umwage maji. Iwe ya Uvinza au ya dukani, chumvi ni ileile kwa mishipa.

Tumbaku imeezeka nyumba nyingi za bati hapa Katavi, na hatumkejeli mkulima wake. Lakini kuivuta hubana mishipa na kuharakisha kuziba kwake. Hata anayechuma majani mabichi yenye umande huingiziwa nikotini kupitia ngozi. Avae mikono mirefu na glovu.

Wewe uliyefikisha miaka 40, au uliye na mzazi aliyepooza, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii upimwe presha. Anayemeza dawa arudi kliniki kabla vidonge havijaisha, na aende na kadi yake.