Juisi ya mashine ya mkono: pima kwanza, ndipo uposti bei

Wengi mnaniuliza kuhusu ile mashine ya mkono ya kukamulia machungwa, ile ya kukaa mezani yenye mpini wa kuvuta chini. Inalipa? Inalipa. Haili umeme, haina mota ya kuungua, na umeme ukikatika wewe unaendelea na oda zako. Ila kumbuka sisi wa mtandaoni hatufanani na yule anayekamua kituoni mteja akiwa amesimama pale pale. Mteja wake anakunywa baada ya dakika moja. Wako anakunywa baada ya saa nne, tano, pengine usiku. Unachouza ni ile juisi itakayomfikia, na hapo ndipo wengi bei na ladha vinawaponyoka.

Tuanze na kipimo. Chukua machungwa unayonunua siku zote, pima kilo 1, kamua, mimina kwenye jagi lenye vipimo. Mimi machungwa ya Muheza yakiwa mazuri hunipa kama mililita 400 kwa kilo, yakiwa makavu yanashuka mpaka 300. Chungwa la wastani lina gramu 200 hivi, kwa hiyo lita moja inakula machungwa 12 au 13. Usihukumu kwa rangi. Kwenye joto la pwani chungwa huiva likabaki kijani, maana kinachogeuza ganda ni baridi ya usiku. Lishike mkononi: likiwa zito kuliko linavyoonekana, na ganda jembamba, hilo lina maji.

Sasa hesabu. Tuseme chungwa umelipata kwa shilingi 200. Machungwa 13 ni 2,600. Lita moja inajaza chupa 3 za mililita 330. Chupa, kifuniko na stika tuseme 400 kila moja, ni 1,200. Jumla 3,800, yaani kila chupa imeshakula karibu 1,270 kabla ya barafu, kabla ya machungwa mabovu, kabla ya jasho lako. Ukiposti 1,500 kwa sababu fulani anauza 1,500, umejitolea bure. (Huyo fulani naye mara nyingi ana maji na sukari mle ndani. Sio dhambi, ila kwenye chupa aandike.)

Na jasho lina hesabu yake. Lita 10 ni machungwa 130, ukikata ni vipande 260, na mpini unauvuta mara 260. Mimi nikifika lita 12 nafunga oda, anayechelewa anaingia kesho.

Kwenye kukamua, kata chungwa kwa upande, sio kutoka kwenye kikonyo kushuka chini, ili vyumba vyote vya maji vifunguke. Kabla ya kukata liviringishe mezani kwa kiganja, na lisiwe limetoka kwenye friji, la baridi ni gumu kutoa maji. Upande uliokatwa uangalie chini. Vuta mpini polepole, juisi ikikatika acha. Usirudie kubana eti upate matone matatu ya mwisho, utakamua mafuta ya ganda na ile nyama nyeupe, na huo ndio uchungu wa kwanza.

Uchungu wa pili ndio unaotuumiza sisi wa oda. Kuna machungwa ukikamua asubuhi ni asali, jioni juisi ile ile ni chungu, na hakuna aliyeichezea. Chanzo ni kitu kinaitwa limonini, ambacho hujitengeneza taratibu baada ya chungwa kukamuliwa. Machungwa aina ya Navel, yale yenye kitovu chini, ndiyo yanajulikana zaidi kwa tabia hiyo. Valencia ni afadhali sana. Kwa hiyo ukibadilisha muuzaji wa machungwa, kamua chupa moja ya majaribio siku moja kabla, weka kwenye friji, onja baada ya saa 6. Ikiwa chungu, mzigo huo uza kama machungwa, usiukamue. Na chuja mapema, usiache mbegu na makapi yakilala ndani ya juisi.

Suala la usafi nalikazia kwa sababu hii juisi hatuichemshi. Mashine inabana ganda pamoja na nyama, hivyo uchafu wa ganda unaingia kwenye glasi ya mtoto wa mtu. Osha machungwa kwa maji safi kabla ya kukata, tupa lililooza lote, usikate upande mbovu ukabakiza mzuri. Mwaka 1996 huko Marekani juisi ya tofaa isiyochemshwa iliwaugua watu zaidi ya 60 na mtoto mmoja akafariki, na ile ilikuwa kampuni yenye friji na magari. Mashine nayo ioshe mara tu ukimaliza, asidi ya chungwa inakula alumini, kwa hiyo unaponunua tafuta yenye kikombe cha chuma kisichoshika kutu.

Matunda mengine? Komamanga inakubali vizuri. Ndimu ni ndogo, tafuta kibanio chake cha mkononi. Embe na papai sahau, hayo ni ya blenda.

Kwenye usafiri, gandisha chupa za maji, zipange kwenye deli na juisi katikati. Barafu usiitumbukize ndani ya juisi. Bodaboda apewe mzigo ukiwa umeshapoa, sio wa moto wa jikoni ukitegemea upoe njiani. Na stika yako iseme hivi: "Imekamuliwa leo saa 2 asubuhi. Weka kwenye friji, kunywa kabla ya saa 2 usiku." Saa hiyo ya kukamua iandike kwa peni kila siku, wateja wanaiangalia kuliko jina la biashara.