Ribiti ya Plastiki: Namna ya Kufunga Vipande kwa Joto

Geuza ubao wa ndani wa mlango wa gari, uangalie mgongoni. Utaona vichwa vidogo vya plastiki, mfano wa uyoga, vimeshika vipande viwili bila skrubu wala gundi. Vichwa hivyo vilikuwa vigingi vilivyonyooka. Kiwandani vilipitishwa kwenye matundu ya kipande cha pili, vikapashwa joto, vikakandamizwa hadi vikawa ribiti. Kazi hiyo unaweza kuifanya kwenye karakana yako kwa vifaa vya kawaida.

Kwanza amua kama inakufaa. Ribiti ya joto inafunga plastiki na chuma, plastiki na bodi ya saketi, hata plastiki mbili zisizokubali kuyeyuka pamoja. Lakini ukishaifunga, kufungua ni kukata. Kifuniko cha betri kinachofunguliwa kila mara kipe skrubu, na uzamishe nati ya shaba kwenye plastiki ili uzi usiliwe.

Jua plastiki uliyoshika. Tafuta herufi zilizochapwa upande wa ndani: ABS, PP, PC, PA6. Zote hizo zinafaa. Ukiona GF30, plastiki ina asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Inafungika, ila kichwa chake huvunjika kirahisi na ncha ya kifaa chako cha kupashia italika mapema. Bakelaiti, ile ya mikono ya sufuria, iache. Haiyeyuki tena, inaungua tu.

PVC usiiguse kabisa kwa chuma cha moto. Ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma koo na mapafu na kutia kutu vifaa vyako. Kama kipande hakina herufi, fanya jaribio hili ukiwa nje. Pasha waya mtupu wa shaba nyekundu kwenye moto hadi moto usibadilike rangi, gusisha waya kwenye plastiki, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, chukulia kuwa ni PVC na ukiweke kando.

Sasa hesabu, na hapa usikimbie. Kichwa cha ribiti kinatokana na plastiki ya kigingi chenyewe, hakuna nyingine inayoongezwa. Kigingi kikiwa kifupi, kichwa kitakuwa chembamba na kitang'oka. Kikizidi urefu, plastiki itafurika pembeni mwa ncha na kuacha ndevu.

Chukua kigingi cha kipenyo cha milimita 3. Unataka kichwa cha kuba chenye upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 2. Kuba hiyo ina ujazo wa milimita za ujazo 32.5 hivi. Eneo la kigingi ni milimita za mraba 7.07. Gawanya, unapata 4.6. Basi acha milimita 4.6 za kigingi zitokeze, ukipima kuanzia uso wa juu wa kipande cha pili. Watu wengi hupimia kwenye shina la kigingi, wakasahau unene wa kipande kinachofungwa. Huna muda wa hesabu? Kichwa kiwe na upana mara mbili ya kigingi, na sehemu inayotokeza iwe mara moja na nusu ya kipenyo au zaidi kidogo. Kisha ujaribu.

Ukiwa wewe ndiye unayechora kipande, shina la kigingi lizungushie mkunjo mdogo wa mviringo. Pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Weka vigingi angalau viwili ili kipande kisizunguke. Kigingi kinene, kuanzia milimita 4 au 5, kifanye kiwe na uwazi katikati. Kikiwa kizima hadi ndani, joto huchelewa kufika kiini, na uso wa nje wa kasha hubonyea ukaonekana vibaya.

Kwa kifaa, chuma cha kulehemu chenye kidhibiti cha joto kinatosha, lakini siyo na ncha yake kali. Mpe mkerezaji kipande cha shaba ya manjano au alumini, akuchongee ncha yenye shimo la umbo la kichwa unachotaka. Shimo hilo ling'arishe kwa msasa laini, maana uso wenye mikwaruzo unanasa plastiki.

Shika chuma hicho kwenye presi ya mkono, au kwenye drili ya mezani ambayo umeichomoa kwenye umeme. Mkono mtupu unayumba, na kichwa kikikaa upande hakishiki. Chini ya kigingi weka kitegemeo kigumu, la sivyo kasha litapinda wakati unakandamiza.

ABS huanza kulegea kwenye nyuzi joto 105 hivi, PC kwenye 147. PP huyeyuka ghafla karibu na 160, kwa hiyo nafasi yako ya kukosea ni ndogo. Ncha iwe na joto zaidi ya hapo, kwa sababu joto linapotea njiani. Kwa ABS mimi naanzia 180, kisha napandisha kumi kumi. Gusa kigingi, subiri kilegee, ndipo ukandamize polepole.

Soma kichwa, chenyewe kitakueleza. Nyuzi za plastiki zinazovutika unapoinua ncha, rangi ya kahawia au harufu ya kuungua, maana yake umezidisha joto. Weupe pembeni mwa kichwa au shinani maana yake umekandamiza kabla plastiki haijawa tayari. Vipovu ndani ya kichwa ni unyevu. Nailoni (ile PA6) na PC hunyonya maji hewani, na ukifanya kazi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam utaliona hilo mara nyingi. Kausha vipande vya nailoni kwenye oveni kwa nyuzi 80, saa kadhaa, kabla ya kufunga.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni kuinua ncha mapema. Plastiki iliyolegea bado inataka kurudi ilivyokuwa. Ukiiachia ikiwa ya moto, kichwa kinajiinua, na vipande vinaanza kucheza. Iache ipoe ikiwa chini ya shinikizo. Chuma cha kulehemu hakipoi haraka, kwa hiyo tengeneza ncha mbili zinazofanana. Ya moto iunde kichwa, na mara tu unapoiondoa, ya baridi ikandamize palepale hadi plastiki igande.

Ikiwa plastiki inanasa kwenye ncha kila mara, badili mbinu. Pasha kigingi kwa hewa moto inayotoka kwenye mdomo mwembamba, kisha kiunde kwa ncha baridi peke yake. Kwa karakana ndogo naipenda njia hii kuliko zote. Kichwa kinatoka safi, na kupoa kunafanyika wakati uleule wa kukandamiza. Ila kinga bodi ya saketi kwa bati jembamba lenye tundu, ili hewa iguse kigingi tu.

Mashine za altrasoniki, zinazotikisa plastiki mara 20,000 hadi 40,000 kwa sekunde, ni za haraka sana. Zinalipa ukiwa na maelfu ya vipande. Jihadhari nazo kwenye bodi zenye kristali, maana mtikisiko unaweza kuziua. Mashine za infraredi hupasha bila kugusa, na plastiki nyeusi hulipokea joto hilo vizuri zaidi.

Fungua dirisha, washa feni ivute moshi utoke nje, na usiinamie kazi. Vaa miwani na glavu.

Na ukikuta ribiti ya zamani unayotaka kuifungua, usiinyonge kwa bisibisi. Chonga kichwa kwa patasi kali, ukibakiza kigingi kadiri uwezavyo. Wakati wa kurudishia, kigingi kitakuwa kifupi mno kuunda kichwa kipya. Toboa katikati yake tundu dogo kuliko skrubu, kisha funga skrubu inayojikatia uzi pamoja na washa pana.

Kabla ya kumkabidhi mteja chochote, funga kipande kimoja cha majaribio na ukikate katikati ya kichwa kwa msumeno wa chuma. Tazama kama kuna uwazi chini ya kichwa, vipovu au ufa shinani. Kikiwa safi, andika ukutani joto, sekunde za kupasha na sekunde za kupoza. Plastiki ikibadilika, hata ikiwa ni shehena mpya ya ABS ileile, kata kipande kingine uangalie upya.