MOTO WA MLIMANI NA MAJI YA KUNYWA

Wakati wa kiangazi watu wengi huchoma majani ya mlimani. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji ya chemchemi hugeuka meusi, na pengine baada ya siku chache watoto wanaharisha. Moto na tumbo vina uhusiano gani? Tujifunze.

1. Moto unafanya nini udongoni?
Ndani ya majani mna mafuta kama nta. Yakiungua, mafuta hayo yanakuwa mvuke. Sehemu yake inapanda pamoja na moshi. Sehemu nyingine inaingia udongoni, inapoa, inashika chembe za udongo. Basi chini ya majivu kuna tabaka linalokataa maji, kama manyoya ya bata. Moto wa majani mafupi upitao upesi hufanya hivyo kidogo tu. Moto wa kichaka chenye majani makavu mengi, hasa penye mchanga, hufanya zaidi. Tabaka hilo laweza kudumu miezi mingi.

2. Pima wewe mwenyewe
Udongo ukiisha kupoa, ondoa majivu, tia tone la maji. Kisha chimba kidogo, kadiri ya upana wa kidole, ujaribu tena. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kuingia, udongo unakataa maji.

3. Hatari yake
Maji yasiyoingia ardhini yanateremka kwa nguvu, yanachukua majivu, udongo na mavi mpaka kwenye chemchemi. Tena mteremko huo waweza kuua. Huko Montecito, katika California ya Marekani, moto mkubwa uliunguza milima mwezi wa Desemba 2017. Tarehe 9 Januari 2018 mvua kali ilinyesha. Tope na mawe yakashuka juu ya nyumba, watu 23 wakafa.

4. Tufanye nini?
– Tusichome mlima ulio juu ya chemchemi.
– Pakiungua, tulaze matawi kukingama mteremko, tuchimbe mfereji juu ya chemchemi ili maji machafu yapite kando.
– Mvua kubwa ikinyesha, watoto wasicheze bondeni chini ya mlima ulioungua.
– Maji ya tope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemke dakika 3.

Maulizo
1. Kwa nini maji hayaingii katika udongo ulioungua?
2. Nani atalinda mlima ulio juu ya chemchemi yenu?