Faksi Inapokea Lakini Haitumi: Kagua Haya Kabla ya Kumwita Fundi

Zahanati inatuma barua ya rufaa kwa faksi kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Mashine inapiga, upande wa pili unaitika, kisha ripoti inatoka ikisema barua haikufika. Ajabu ni kwamba mashine hiyo hiyo inapokea faksi vizuri. Tatizo hili huwapata wakazi waliohamisha faksi ya zahanati, afisi au duka kutoka laini ya waya hadi simu ya intaneti.

Anza na nambari, maana ndiyo rahisi. Chomeka simu ya kawaida kwenye adapta ya faksi, upige nambari ile ile. Usiposikia mlio wa faksi, huenda kosa ni la upigaji. Nambari ya Nairobi hutanguliwa na 020, au 25420 bila ile sufuri ya mwanzo. Ikiwa mashine bado inaanza na tarakimu 9 ya kufungulia laini ya nje kwenye mtambo wa zamani, iondoe.

Mlio ukisikika, shida iko njiani. Simu ya intaneti husafirisha sauti vipande vipande. Sikio la mtu husamehe kipande kilichopotea, faksi haisamehi. Kwa hivyo adapta isitumie G.729, inayobana sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde, bali G.711 ya kilobiti 64. Bora zaidi ni T.38, iliyoundwa mahususi kwa faksi. Hapa ndipo ile ajabu huelezeka mara nyingi: kwa kawaida upande unaopokea ndio unaoomba kuhamia T.38. Ukituma, ombi hutoka kwa mwenzako, na lisiposhughulikiwa vizuri upande wako, faksi hukatika. Muulize mtoa huduma kama T.38 inafanya kazi kwa simu zinazotoka, si zinazoingia pekee.

Kisha shusha kasi ya mashine kutoka 33,600 au 14,400 hadi 9,600. Mafundi wengine hushauri kuzima ECM, ile sehemu ya kusahihisha makosa. Faksi itapita, lakini mstari ulioharibika nao unaweza kupita na ripoti bado iandike OK. Kwa tangazo la mkutano, si neno. Kwa kipimo cha dawa au matokeo ya maabara, iache ECM ikiwa imewashwa, kisha mpigie aliyepokea akusomee tarakimu.