Hakimu na Mlango wa Klabu

Ndugu msomaji, hakimu naye ni mwanadamu. Ahitaji marafiki na mazungumzo. Je, yafaa ajiunge na klabu? Jibu lataka tupambanue, kwani mikusanyiko haifanani.

Msingi wa jambo hili umo katika Kurani Tukufu, Sura An-Nisaa, aya ya 135. Hapo waumini waamrishwa kusimamia uadilifu hata kama utawagusa wao wenyewe, wazazi wao au jamaa zao. Ikiwa undugu wa damu haupaswi kupindisha haki, sembuse urafiki wa mezani!

Imo pia hadithi katika Bukhari. Mtume Muhammad s.a.w. alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi, alitenga sehemu ya mali akisema amezawadiwa yeye. Mtume s.a.w. aliuliza: lau mtu huyo angaliketi nyumbani kwa wazazi wake, je, angaliletewa zawadi hizo? Vivyo hivyo hakimu na ajiulize: lau nisingalikuwa hakimu, watu hawa wangalinialika?

Wanazuoni wa Kihanafi waliweka mpaka ulio wazi. Katika Al-Hidaya, Imamu al-Marghinani aeleza kwamba kadhi huzuru wagonjwa, huhudhuria mazishi, na aweza kwenda katika karamu ya watu wote. Karamu ya faragha asiende. Nayo ni ile ambayo mwenyeji asingaliifanya lau angalijua kuwa kadhi hatafika. Wala asimkaribishe mdaawa mmoja bila mwenzake.

Liko na swali la pili: klabu yenyewe yamfungia nani mlango? Klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1913, ilikuwa ya Wazungu katika enzi za ukoloni. Mtu anayekataliwa mlangoni jioni kwa ajili ya rangi yake, asubuhi atamtumainije hakimu aliyekuwa ameketi ndani? Huko Marekani, Chama cha Mawakili mwaka 1984 kiliachia jambo hili dhamiri ya hakimu. Mwaka 1990 kanuni yake ya mfano ilikataza waziwazi uanachama katika vyama vinavyobagua watu kwa rangi, jinsia, dini au asili ya taifa.

Nawe msomaji, hata kama si hakimu, huenda waitwa kusuluhisha ndoa au mirathi. Kabla ya kupokea mwaliko wa upande mmoja, kumbuka swali la Mtume s.a.w. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa waadilifu. Amin.