Mbwa Mkali au Mbwa Mwenye Hofu?

Pita leo katika mitaa yetu ya Eldoret, iwe Elgon View, Kapsoya au Kimumu, ukahesabu malango yaliyoandikwa MBWA KALI. Utachoka kuhesabu. Mwalimu wa sarufi angetoa kalamu nyekundu papo hapo, maana mbwa yumo katika ngeli ya A-WA na sifa yake yapasa kuwa mkali. Lakini mimi sikushika kalamu ili nisahihishe malango ya watu. Ninaloshuku ni ile sifa yenyewe. Wengi wa mbwa wakubwa tunaowaita wakali, yaani akina German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, wamejaa hofu na wasiwasi tu, na mbwa wa kilo 35 au 40 akiwa na wasiwasi, hatari yake ni sawa na ya yule mkali wa kweli.

Wanaolijua jambo hili kwa miguu yao ni wanariadha. Mji wetu, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, unasifika kote duniani kwa wakimbiaji, na alfajiri barabara zetu huwa zao. Sasa mbwa aliyefungiwa akiona kitu kinakimbia, damu ya uwindaji humpanda hata kabla hajajua anafukuza nini.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu katika likizo ya Agosti. Kijana anayetuletea maziwa alifungua lango, na mbwa wetu Simba, German Shepherd wa miezi 16, akachomoka kama mshale. Kundi la wanariadha lilikuwa likipita. Mmoja aliruka mtaro, akaanguka na kuchubuka goti. Simba hakumuuma. Alimzunguka huku akibweka kwa sauti nyembamba, mkia ameuficha katikati ya miguu. Jirani yetu, mzee wa heshima, akatoka na bakora yake.

"Kijana, hiyo mbwa yenu itaua mtu siku moja!"

"Pole sana, mzee. Tutamfunga," nikajibu.

"Kumfunga mnamfunga kila siku. Imesaidia nini?"

Swali lile lilinikaa kichwani. Baba kwa upande wake hakupiga kelele. Alisema tu kwamba shule zikifunguliwa na Simba bado yu vile, atamwita daktari aje amdunge sindano ya mwisho. Nilikuwa na wiki 3.

Tulianza kwa daktari wa mifugo, na wewe, ndugu msomaji, uanze hapo hapo. Mbwa asiyetulia huenda ni mgonjwa. La kwanza la kuogopa ni kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa mpole akibadilika ghafla, akawa mkali au akazubaa, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, hapo si mahali pa kujaribu mafunzo. Mfungie mbali na watu, umwite daktari. Serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na silaha yake kubwa ni chanjo: mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku iyo hiyo. Asingoje dalili. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

La pili huwapata hasa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Tumbo hujaa hewa na kujipinda. Utamwona akizungukazunguka, hawezi kulala, anataka kutapika lakini hakuna kitokacho, na tumbo limevimba kama ngoma. Hapo hesabu saa, usihesabu siku. Mkimbize kwa daktari hata kama ni usiku wa manane. Ili kulikinga jambo hili, chakula cha siku kigawe mara mbili, wala usimkimbize mara tu baada ya kushiba. Kisha kuna maumivu: nyonga zisizokaa sawa, maradhi ya sikio, homa iletwayo na kupe. Na tafadhali, usichukue dawa kwenye kabati la nyumbani. Brufen inayomwondolea Mama maumivu ya kichwa yaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Daktari alimpapasa Simba nyonga, akachungulia masikio, akampima joto. Kisha akasema, "Mwili hauna neno. Huyu anaumwa na mnyororo."

Hebu tulifikirie jambo hili. German Shepherd ni aina iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1899 na ofisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz, akitumia mbwa wa kuchunga kondoo. Rottweiler naye zamani aliswaga ng'ombe wa wachinjaji. Hawa ni mbwa wa kutembea kutwa, wakitumia akili na miguu. Sisi tunafanyaje? Tunamfunga kibandani saa kumi na mbili asubuhi, tunamfungulia saa moja jioni, na kazi tuliyompa ni kulinda. Mchana kutwa anasikia pikipiki, watoto, wachuuzi na mbwa wengine, na hawezi kuwaona wala kuwanusa. Sikio lake lenyewe si kama letu: letu hukomea mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, lake hufika kama 45,000. Usiku akifunguliwa, uchovu haupo, usingizi haupo, na kila jani likianguka kwake ni mwizi. Ndipo majirani wanakosa usingizi, na sisi tunasema, "Lo, mbwa huyu ni mkali kweli!"

Basi jifunze kumsoma. Mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo ilhali hana usingizi, hujilamba midomo ilhali hajala, huhema ilhali hakuna joto. Masikio huenda nyuma, mkia huingia chini, na weupe wa jicho huonekana pembeni. Hutembea njia moja huku na huku mpaka nyasi zinaisha. Akifikia kunguruma, hiyo ni lugha yake ya kusema "tafadhali sogea". Wengi humpiga kwa ajili ya kunguruma. Matokeo yake ni kwamba ananyamaza, na siku nyingine anauma bila kutoa onyo. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, lakini katika vibanda vya mbwa bado kinatawala! Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu kumtesa mnyama kwa kisingizio cha kumfunza adabu. Kuna pia wale wanaompa mbwa pilipili ati awe mkali. Hao sina la kuwaambia.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza tulilobadilisha ni saa. Tulimtembeza Simba kwa kamba mara mbili kwa siku, asubuhi wanariadha wakishapita, na jioni kabla ya chakula, kama dakika 40 kila mara. Kutembea huko hakukuwa mbio. Tulimwacha anuse kila nguzo na kila kichaka, maana kwa mbwa kunusa ni kama sisi kusoma gazeti: akili inafanya kazi na mwili unatulia. Tulipokosa nafasi ya kutoka, Mama alinipa gao la omena nikazitawanya nyasini, Simba akazitafuta moja moja kwa pua. Baada ya robo saa hivi alikuwa amelala chali. Sikuamini. Tena akitaka kitu cha kutafuna, mpe mfupa mbichi mkubwa, usimpe uliopikwa, kwa sababu uliopikwa hupasuka vipande vikali kama sindano.

Jambo la pili lilikuwa gunia. Ndiyo, gunia kuukuu la mahindi, nililikunja na kuliweka barazani. Kila alipolikanyaga alipata kipande cha ugali mkavu. Akilala juu yake, vipande viwili. Nilianza na dakika 2, nikaongeza kidogo kidogo. Neno lilikuwa moja tu, "Lala", na watu wote wa nyumbani walilitumia hilo hilo. Kama wewe wasema "lala", ndugu yako "keti" na shangazi "tulia wewe", mbwa atafuata nani? Mbwa wakubwa huchelewa kukomaa, wengine hadi miaka 2, kwa hiyo mwili ni wa mzee lakini kichwa ni cha mtoto wa darasa la kwanza.

Lango ndilo lililotutoa jasho. Hapa nilimkumbuka Ivan Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Aliona kwamba sauti ikitangulia chakula mara nyingi, mbwa huanza kutokwa na mate kwa sauti peke yake. Kwa Simba, mlio wa lango ulikuwa umefungamanishwa na hofu: mgeni, makelele, fimbo. Tukaamua kuufungamanisha upya. Ndugu yangu alisimama nje, akagonga kwa kidole kimoja, polepole sana. Kabla Simba hajabweka, omena ilikuwa mdomoni. Tena. Tena. Siku ya kwanza tulifanya mara 10 tukaacha. Kesho yake akagonga kwa vidole viwili. Alipobweka tulijua tumeruka ngazi, tukarudi chini bila kumkemea. Mwisho wa wiki ya pili lango likigongwa alikuwa akigeuka kunitazama mimi badala ya kulirukia. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa upole, homoni iitwayo oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Mimi sikuwa na maabara, ila nakiri kwamba nami nilijisikia vizuri. (Usiende lakini kumkodolea macho mbwa usiyemjua. Kwake huo ni ugomvi.)

Halafu radi. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Agosti mvua yetu ya alasiri huja na ngurumo na hata mvua ya mawe juu ya mabati. Simba alikuwa akichimba chini ya mlango mpaka kucha zinatoka damu. Watu wengi husema usimbembeleze mbwa anayeogopa, ati utaizidisha hofu yake. Si kweli. Hofu haifanyi kazi kama hila ya kuomba mkate. Kukaa karibu naye kwa sauti ya chini hakuidhuru chochote. Tulimtengea pembe katika stoo, mbali na dirisha, tukatandika gunia lake lile lile na kuweka redio ipige muziki wa polepole. Mlango hatukuufunga, maana mbwa mwenye hofu akihisi amenaswa huzidi kuhangaika. Siku za jua nilimchezea sauti ya ngurumo kwenye simu ya Mama, chini kabisa, huku akila, nikiongeza sauti kila alipoonekana hajali. Radi ya kweli bado anaiogopa. Hutetemeka, lakini huenda stoo mwenyewe na kujilaza. Kucha zake zimepona.

Wenzetu Waislamu wameniuliza kama haya yote yanadai mbwa akulambe au aingie sebuleni. La hasha. Simba haingii ndani zaidi ya stoo. Chakula unaweza kukitupa chini, na kamba ni kamba. Mbwa hutulizwa na ratiba kuliko kukumbatiwa.

Wiki ya tatu ikaja, na nikaona tatizo ambalo sikulitarajia. Nilipotoa sanduku langu la shule, Simba alianza tena kuhema na kutembea njia yake ile. Alikuwa amezoea kwamba sanduku likitoka, mimi hutoweka kwa miezi. Basi nikawa nalitoa kila asubuhi, nalibeba hadi langoni, halafu narudi kunywa chai. Nilivaa sare nikakaa barazani nikisoma. Nilitoka nje dakika 1, kisha 5, kisha nusu saa, bila kwaheri za machozi. Hadi siku ya kufungua shule sanduku lilikuwa limekuwa kama sufuria nyingine tu ya nyumbani.

Baba hakumwita daktari. Alinunua kufuli ya lango, akamwambia mwenye maziwa apige simu badala ya kufungua, na jioni moja nilimwona akitupa omena nyasini akidhani hakuna anayemtazama. Siku hizi anayemtembeza Simba ni dada yangu wa Gredi ya nane, ambaye uzito wake na wa mbwa haupitani sana. Tumemfungia kamba kifuani badala ya shingoni, kwa mkanda unaopita mbele ya mabega, ili akivuta ageuke pembeni asimwangushe. Na nyinyi mnaokimbia asubuhi, mkimwona mbwa yeyote amechomoka langoni, msiongeze kasi. Simama, mgeuzie ubavu, mikono ishushe, macho yatazame chini. Aghalabu atanusa, asione cha kufukuza, arudi alikotoka.